Mwaka Tulipolilaza Lori la Mji wa Tororo

Vijana wangu, mimi niliwahi kumlisha nyumbu aliyekufa kwa muda wa miaka miwili. Mtama mzuri nilimpa, na kwato zake nikazitengea fedha za viatu vya chuma. Nawaambia hili mapema ili msidhani kwamba huyu mzee anayewasumbua leo alizaliwa anaijua kazi.

Nilikuwa karani wa pili katika ofisi ya mji wa Tororo, enzi za Mwingereza. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuandaa makadirio, yaani kukisia mji utapata nini mwaka ujao na utatumia nini, kifungu kwa kifungu, kabla karatasi hazijapelekwa Entebbe kupitishwa na wakubwa. Nilifanya kama walivyofanya walionitangulia. Nilichukua karatasi za mwaka uliopita, nikazinakili kwa mwandiko wa kupendeza, nikaongeza kidogo hapa, nikapunguza kidogo pale. Kulikuwa na kifungu kinachosema "chakula na matunzo ya nyumbu wa gari la taka". Nikakinakili. Mwaka wa pili nikakinakili tena.

Siku moja nyapara wa wafagiaji akasimama dirishani kwangu. Alikuwa mtu wa kabila la Japadhola kutoka Kiyeyi, jina lake Ochwo, mtu mrefu mwenye mguu mmoja uliopinda kidogo. Sote tulimwita Jadwong, kwani ndivyo watu wa kwao wanavyomwita mtu mzima wa heshima. Hakujua kusoma, lakini alikuwa amenisikia nikimsomea mwenzangu vifungu vile kwa sauti.

"Karani," akasema, "hii nyumbu unaandika, iko wapi?"

"Si ile ya gari la taka, Jadwong?"

"Ile nilizika mimi mwenyewe, nyuma ya machinjio. Sasa mpapai imeota juu yake, na papai tumekula." Akanitazama bila kucheka. "Mimi na bibi yangu na watoto sita tuko hai, na nyumbu imekufa nakula mzuri kuliko sisi."

Ule mtama ulikuwa unakwenda wapi, sikuuliza sana, na niliona kwamba hakuna aliyetaka niulize. Kifungu nilikifuta. Nikamwomba Jadwong anionyeshe mji, maana ilikuwa dhahiri kwamba niliuandika bila kuujua.

"Kesho asubuhi kuja," akasema. "Viatu acha nyumbani. Ukivaa viatu utaruka mtaro. Bila viatu utaingia."

Basi nikaingia. Wenyeji wa Tororo mnaujua ule mwamba wetu unavyosimama juu ya mji. Jiwe lile halinywi maji. Mvua ikinyesha juu yake, karibu yote inateremka kwetu: inapita nyuma ya maduka ya Wahindi, inakatiza soko, halafu inakwenda kutulia Majengo, kule bondeni, tulikokaa sisi Waislamu wa mjini na watu wengine wa kipato kidogo. Mitaro mitatu ndiyo iliyoyaongoza maji hayo. Jadwong alinipitisha yote mitatu huku matope yakinifika magotini, akinionyesha mahali mchanga unapojikusanya, mahali wauza samaki wanapotupa magamba, na jiwe lililolegea ambalo likitoka, ukuta mzima unafuata. Nilijifunza zaidi asubuhi ile kuliko miaka miwili mezani.

Sasa nije kwenye mwaka wenyewe. Bei ya pamba ilianguka. Huku kwetu hakuna aliyejua vizuri kwa nini. Tuliambiwa tu kwamba Ulaya na Amerika mambo yameharibika. Tulichokiona sisi ni mkulima aliyeleta pamba yake kwa mnunuzi, akasikia bei, akafunga magunia yake tena na kurudi nayo nyumbani kwa hasira. Mkulima asipouza, hanunui sukari wala shuka, mwenye duka naye hana cha kulipia leseni. Maduka matatu ya barabara kuu yalifungwa kati ya mavuno na kupanda. Kisha ikaja barua kutoka Entebbe: mji upunguze matumizi kwa robo nzima, na makadirio mapya yaandaliwe.

Bwana DC, aliyekuwa mkuu wa wilaya na mwenyekiti wa halmashauri ya mji, aliitupa barua ile mezani kwa karani mkuu. Karani mkuu, Mgoa mmoja aliyeitwa Bwana Fernandes, mtu msafi kuliko kioo, akaileta kwangu.

"Robo," akasema. "Jumatatu nataka kuiona."

Niwaambie ukweli, nami siuonei fahari. Robo ile niliipata kabla ya chakula cha mchana. Mji ulikuwa na wafagiaji kumi na sita, Jadwong akiwa mmoja wao. Nikaandika sita. Mishahara yao ilikuwa midogo lakini walikuwa wengi, na katika karatasi walikuwa mstari mmoja tu, "wafagiaji, 16", usio na sura wala sauti. Niliongeza na makato madogo madogo, hesabu ikakaa. Bwana Fernandes akasema nimefanya vizuri.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyoufanya mkono wangu uwe mwepesi upande ule. Kifungu kikubwa kuliko vyote kilikuwa lori la mji. Lilikuwa la kijani, lenye maandishi meupe mlangoni, na Bwana DC alilipenda kama mtu anavyompenda farasi wake. Lilizoa taka, lilibeba changarawe za barabara, na sikukuu lilibeba timu ya mpira. Dereva wake alikuwa Athumani, kaka yangu. Baba yetu alifariki nikiwa sijaota ndevu, na Kaka Athumani ndiye aliyenilipia shule kwa kupakia magunia mgongoni kabla hajajifunza kuendesha. Shati nililovaa siku nilipoandikwa kazi lilikuwa lake. Sasa niambieni, ningeanzaje kulikata lori?

Jioni nilimwendea Jadwong kumpa habari, maana niliona haya asikie kwa mwingine. Nilitegemea matusi. Hakunitukana. Alichuchumaa ukingoni mwa mtaro, akaanza kukunja vidole.

"Hiyo sita," akasema, "wawili watafagia soko. Mmoja machinjio. Wawili vyoo vya mji. Mmoja mgonjwa, kila siku mmoja ni mgonjwa. Sasa mtaro, nani?"

Nikazihesabu upya kichwani, bado zilikuwa sita.

"Mvua ya pili iko karibu. Wewe unalala wapi, Karani?"

"Majengo."

"Na mtoto?"

"Majengo pia, Jadwong."

"Haya," akasema, akainuka na kushika jembe lake.

Nilirudi nyumbani, na chakula sikukigusa. Kesho yake nikaanza upya, na safari hii nilianza na kitu nilichokuwa nikikikwepa. Kaka Athumani alikuwa na daftari la safari za lori, aliloliandika kwa uaminifu mkubwa: petroli, tairi, mzigo, siku. Alikuja kwangu jioni, kama kawaida yake, nikamwomba nilitazame. Akanipa bila kuuliza, akaendelea kucheza na mwanangu mkekani. Nilisoma huku nikimsikia akicheka nyuma yangu.

Daftari lilisema wazi. Siku lori liliposimama likingojea spea kutoka Mombasa zilikaribia siku lililofanya kazi. Na mwaka mzima wa lori, pamoja na petroli, tairi na mafundi, ulikula kupita wafagiaji kumi na sita wote. Tukililaza gereji, tungefikia robo bila kumwondoa hata mmoja. Taka zingebebwa na mikokoteni ya maksai. Wateso wa Merikit walikuwa nayo mingi, na mwaka ule wengi wao hawakuwa hata na senti za ushuru wa soko. Anayebeba taka za mji, tusimtoze ushuru. Ndivyo nilivyoandika.

Bwana Fernandes aliisoma rasimu mpya mara mbili. "Unajua Bwana DC anavyolipenda lori lile?"

"Najua, bwana."

"Na unajua dereva ni nani?"

"Najua."

Akaisukuma karatasi kwangu kwa ncha ya kidole. "Basi itakwenda kikaoni kwa mwandiko wako. Mimi simo."

Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko la nyumbu. Sikumwambia kaka yangu. Nilijidanganya kwamba halmashauri itakataa, kwa hiyo hakuna haja ya kumtia mtu jakamoyo bure.

Kikao kilikuwa cha Kiingereza. Nitawaelezea kwa Kiswahili. Alikuwepo Bwana DC, daktari wa serikali, na Bwana Jivraj, mwenye duka kubwa la nguo na sukari, aliyewawakilisha wafanyabiashara. Mwafrika mjumbe hakuwepo. Mimi nilikaa kwenye kiti kando ya mlango, kazi yangu ikiwa kuleta mafaili na kunyamaza.

Bwana DC alisoma, akasita, akarudi nyuma ukurasa mmoja. "Nani ameliondoa lori langu?"

Bwana Fernandes aliangalia dari. Nikasimama.

"Mimi, Bwana."

"Lori ni heshima ya mji," akadakia Bwana Jivraj. "Busia hawana lori. Watu wa Busia wanakuja kulitazama!"

"Bwana Jivraj," nikasema, "dukani kwako kuna ngazi tatu. Mwaka juzi mtaro ulipoziba, maji yalipanda ngazi ngapi?"

Akafikiri. "Zote. Yakaingia ndani. Magunia manne ya sukari yaligeuka uji."

"Mtaro ule ulikuwa na watu wanne, wakashindwa siku moja tu. Katika rasimu yangu ya kwanza, mtaro ule haukuwa na mtu. Niliyeandika ni mimi, na nilikosea. Lori haliwezi kuingia mtaroni, Bwana. Linabeba kile ambacho watu wameshakitoa."

Daktari ndiye aliyeongea kwanza. Alisema kwamba yeye angependa zaidi kuwa na wafagiaji kumi na sita kuliko wagonjwa wa kuhara mia mbili. Bwana Jivraj alikuwa bado anaifikiria sukari yake.

Bwana DC aliichezea kalamu muda mrefu. "Vema," akasema mwisho. "Lori lilale mpaka mvua ya pili. Taka zikiondoka na mitaro ikipitisha maji, makadirio yako yatakwenda Entebbe. Yakishindikana, lori linatoka, wafagiaji kumi wanaondoka, nawe utakuwa wa kumi na moja. Tumeelewana?"

Tulielewana.

Amri ilimfikia Kaka Athumani mchana uleule. Alikuja kwangu akiwa bado na kofia yake ya udereva, hakuingia ndani, alisimama mlangoni.

"Jioni ile," akasema, "nilikuwa nacheza na mwanao, nawe unanisoma."

"Kaka, nilitaka..."

"Ungeniambia, Swaleh. Ungeniambia tu. Ningekasirika, halafu ningeelewa. Sasa nimeelewa kabla ya kuambiwa, na hiyo ni mbaya zaidi."

Asubuhi yake alikwenda Busia, alikokaa mama yetu, na wala hakuniaga.

Na mpango wangu? Vijana, mpango wangu ulianguka kama nguo kwenye kamba iliyokatika. Siku ya kwanza ilikuja mikokoteni mitano kutoka Merikit, siku ya pili miwili. Siku ya tatu ulikuja mmoja, na maksai wake mmoja akaingiza kichwa ndani ya duka la Bwana Jivraj akatafuna shuka mbili za maua. Baada ya hapo haukuja hata mmoja. Wafagiaji waliitoa taka mitaroni vizuri kabisa, wakairundika kando ya mitaro, na hapo ikabaki. Marundo yakawa vilima. Nzi walikuwa wengi hata ofisini tuliandika kwa mkono mmoja. Bwana Fernandes alikuwa akipita mezani kwangu na kusema, "Mikokoteni?", kisha akaendelea na njia yake.

Nilimfuata mwenye mkokoteni mmoja, Mteso aitwaye Opolot, mpaka sokoni alipokuwa akiuza karanga. Nikamuuliza mbona hawaji, na ushuru tumewasamehe.

"Karani," akanijibu kwa upole, "kutoka Merikit mpaka hapa ni nusu siku ya ng'ombe. Kurudi, nusu siku. Mimi kuja kubeba taka yenu tu, shamba nani nalima? Hiyo ushuru nasamehe ni kidogo. Siku ni kubwa."

Alikuwa na haki. Mawingu yalikuwa yameanza kusimama upande wa mashariki kila mchana. Jumamosi nikapanda baiskeli nikaenda Busia.

Njia ile kupitia upande wa Busitema ilikuwa na msitu mzito bado, nami nilikuwa na njia nzima ya kupanga maneno. Nilipofika, yote yalikuwa yametoka kichwani. Mama alikuwa akipepeta mchele barazani. Kaka Athumani alikuwa uani, amelala chali chini ya gari la mfanyabiashara mmoja, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nduguyo yuko pale chini. Sijui kama atatoka."

Hakutoka. Nikachutama kando ya miguu yake, nikaanza kuieleza miguu ile habari ya mikokoteni, marundo, na nzi. Habari ya shuka za Bwana Jivraj ilifanya mguu mmoja utikisike, nikajua anacheka, nikapata nguvu.

Sauti ikatoka chini ya gari. "Hiyo mikokoteni, siku za soko inakuja na nini?"

"Karanga. Mtama. Mihogo."

"Imejaa?"

"Imejaa."

"Na inarudi na nini?"

"Na nini tena, Kaka? Inarudi tupu."

Kaka Athumani akajivuta nje, uso umejaa grisi, akaketi akanitazama.

"Umelisoma daftari langu lote, ukaona petroli, ukaona tairi. Hukuona kwamba sikuwahi kurudi tupu? Nikipeleka taka, narudi na changarawe. Nikipeleka changarawe, narudi na mawe. Gari likirudi tupu, umelipia njia moja mara mbili. Hata utingo wa juzi anajua hilo." Akafuta mikono kwenye suruali. "Usiwaombe waje, Swaleh. Wanakuja wenyewe kila siku ya soko. Waombe wakati wanarudi. Chimba shimo la taka njia ya Merikit, wapite nazo, wamwage, waende zao. Lingine chimba njia ya Kiyeyi. Na wakija, wapitie machimboni wapakie mawe mawili matatu juu ya karanga zao, ya kujengea kuta za mitaro."

Jambo lilikuwa jepesi, na mimi nililizunguka wiki tatu.

"Kaka, njoo uisimamie wewe."

"Umenitoa kwenye usukani, sasa unanipeleka nyuma ya mikia ya ng'ombe?"

"Mimi siijui kazi hiyo. Wewe unaijua."

Akaangalia barazani. "Kwanza niombe radhi. Hapa, mbele ya Mama. Sitaki ya karatasi."

Nikasimama pale uani, mtu mzima mwenye mke na mtoto na kalamu mfukoni, nikasema kwamba nilimficha kaka yangu jambo lililomhusu, kwamba nilifanya hivyo kwa woga, na kwamba naomba anisamehe. Machozi yalinitoka. Mama aliendelea kupepeta mpaka nilipomaliza.

"Basi nawa mikono, Athumani," akasema. "Grisi hiyo usiniletee kwenye wali."

Siku ya soko iliyofuata Kaka Athumani alisimama kwenye njia panda ya kutokea sokoni, na kofia yake ya udereva kichwani. Kila mkokoteni uliomaliza kuuza, aliupa njia: wewe rundo la samaki, wewe machinjio, wewe nyuma ya maduka. Alizungumza na maksai kama alivyokuwa akizungumza na injini. Jua halijateremka, vilima viwili vilikuwa vimekwisha. Siku ya soko ya pili tukamaliza vyote.

Halafu likatokea jambo ambalo wala mimi wala yeye hatukulitazamia. Opolot wa Merikit alikuja akaniuliza kama ni lazima aimwage taka ya sokoni shimoni.

"Kwa nini?"

"Maganda, majani, mavi ya ng'ombe. Hii ni mbolea, Karani. Nakwenda nayo shamba yangu."

Wiki haikuisha, wenye mikokoteni wakawa wanagombania taka za Tororo. Kaka Athumani ilibidi aweke zamu ili wasipigane. Bwana Fernandes alipita mezani kwangu akasema, "Mikokoteni?", nami nikamjibu, "Imezidi, bwana." Ndiyo mara ya kwanza kumwona akitabasamu.

Mvua yenyewe ilikuja siku ya soko, saa tisa mchana. Mwamba ulipotea kwanza, ukafunikwa kama mtu aliyevutiwa blanketi. Kisha tukasikia mvumo. Jadwong na wenzake kumi na watano walikuwa tayari mitaroni na majembe, kila mmoja mahali pake, kwani alikuwa amewapanga tangu asubuhi kwa kunusa hewa tu. Watu wote walikimbilia barazani mwa maduka. Nami nilikuwemo, nimesimama kwenye ngazi za Bwana Jivraj.

Maji yaliteremka mekundu, mazito, yakibeba matawi na viatu vya watu. Yalijaza mtaro mpaka ukingoni. Pale kwenye kalavati, mtaro unapopita chini ya barabara, mahali palipokuwa pakiziba kila mwaka, tawi kubwa lilikwama, na maji yakaanza kuinuka. Jadwong akaruka ndani na mguu wake uliopinda, wawili wakamfuata. Wakati huohuo Bwana DC alifika na buti zake ndefu na mwavuli, akasimama hasa penye mdomo wa kalavati ili aone vizuri.

"Bwana!" Jadwong akapiga kelele. "Toka hapo! Wewe nazuia maji!"

Bwana DC akatazama miguu yake, akatoka. Tawi likang'oka, maji yakanguruma, yakapita. Yakapita soko. Yakapita njia ya Majengo. Yakaenda zake bondeni bila kugusa mlango wa mtu. Bwana Jivraj aliinama akazitazama ngazi zake, moja, mbili, tatu, akanyanyua mikono juu.

"Hata moja!" akapaza sauti. "Hata ngazi moja!"

Zikapigwa vigelegele barazani. Akina mama wauza samaki walikuwa wa kwanza. Kaka Athumani, aliyelowa chapachapa, akanikamata begani akanitikisa kama mtu anayepima kama chupa ina kitu.

Kesho yake asubuhi niliwakuta wafagiaji wote kumi na sita wamepanga mstari nje ya ofisi. Jadwong akasema wanataka kuona ile karatasi inayowaweka kazini. Nikaileta. Nikawaonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa "wafagiaji, 16".

Wakainama, wakaangalia. "Mimi ni ipi hapo?" akauliza Jadwong.

Nikaona haya kueleza. Nikachukua penseli, na pale pembeni mwa ukurasa, mbele yao, nikaandika majina yote kumi na sita, kila mtu akinitajia lake na la kwao alikotoka. Chini yake nikaongeza msimamizi wa mikokoteni. Kwa sheria za kazi hilo lilikuwa kosa, kwani makadirio hayana majina. Nilipanga kuyafuta watakapoondoka.

Bwana Fernandes alinikuta na raba mkononi. Alisoma ile orodha mpaka chini. Kisha akaichukua karatasi, akaketi kwenye taipu yeye mwenyewe, na akapiga chapa ukurasa ule upya pamoja na majina yote. Aliniuliza neno moja tu: "Ochwo ni kwa 'w' au kwa 'u'?" Bwana DC akatia sahihi.

Karatasi zilirudi kutoka Entebbe kabla ya mwaka kwisha, zimepitishwa zote, na muhuri umepigwa karibu kabisa na majina. Nikatoka nazo uani. Walikuwa wamekusanyika na mafagio yao, na Kaka Athumani alikuwa amesimama nyuma yao juu ya mkokoteni. Nikasoma kwa sauti, kama wanavyoitwa wanafunzi shuleni.

"Ochwo wa Kiyeyi!"

Jadwong alisimama wima kadiri mguu wake ulivyomruhusu.

"Niko!" akaitika, na sauti yake ikafika barabarani.

Nikaendelea na wa pili, na wa tatu, na wote wakaitika mmoja mmoja, mpaka wa mwisho aliyekuwa juu ya mkokoteni.